Ubao wa Kijani Ndani ya Mizani

Sura ya Sita

Inspekta Joanita Amulen alipofika kituoni Tororo Jumatatu asubuhi, alikuta sufuria ya mpishi ikichemka uani bila moto. Ilifuka mvuke wenye rangi ya kutu, ikanuka kama betri iliyopasuka. Kando yake alisimama Sajenti Ojulong, mikono nyuma, akiitazama kama mtu anayesubiri chai.

"Sajenti, hiyo ni nini?"

"Kielelezo, Madam. Ile dawa ya bomu tulikamata kwa Allan. Chupa moja ilikuwa navuja, mimi namwaga ndani ya sufuria isipotee."

"Sufuria ya alumini?"

"Ya mpishi. Ni kubwa."

Hajamaliza kusema, kitako cha sufuria kikatoboka. Maji ya kahawia yakamwagika juu ya saruji, yakatambaa kuelekea buti zake. Ojulong aliruka nyuma.

"Hiyo si dawa ya bomu," Amulen alisema, akijilazimisha kusema polepole. "Ni feriki. Mafundi wa redio huitumia kula shaba wanapotengeneza mbao za saketi. Ikikuta alumini, inakula alumini. Ikikuta buti la serikali, nalo linaliwa. Chupa ziko ngapi?"

"Mbili. Sasa moja."

Amulen alifumba macho kidogo. Kabla ya kujiunga na polisi alisomea umeme chuoni, na kwenye gauni lake la kwanza la maana bado kulikuwa na doa la feriki ambalo sabuni zote za Uganda zilishindwa kuling'oa. Alikuwa ameondoka kituoni Ijumaa tu, kwenda kutoa ushahidi Mbale. Ijumaa hadi Jumatatu, na tazama sasa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Alhamisi iliyopita, katika senta ya biashara ya Mulanda, wakulima walimpiga mnunuzi wa mahindi aitwaye Odoi. Kwa muda mrefu walikuwa wakilalamika kwamba magunia yao yanapungua uzito yakifika kwenye mizani yake. Siku hiyo mizani ilifunguliwa mbele ya watu, na ndani yake kukatolewa kibao cha kijani, kidogo kama kiberiti, kilichounganishwa na nyaya. Watu hawakuuliza swali la pili. Odoi alifia hospitalini Jumamosi alfajiri. Wanaume watatu wa Mulanda walikuwa ndani kwa kosa la kumuua, na mkuu wa kituo alitaka mambo yaishe upesi. Kwake yeye, mwizi ameuawa na umati, fundi aliyemtengenezea kifaa ni Allan Odwori, na Allan apelekwe mahakamani mchana huo.

"Ushahidi dhidi ya Allan ni upi?" Amulen aliuliza.

"Vidole vyake, Madam. Vya kahawia. Na hiyo dawa."

"Na ubao wenyewe uko wapi?"

Ojulong aliingia ofisini, akarudi na bahasha. Uso wake uling'aa. "Nimeusafisha."

Amulen aliutoa ubao. Upande mmoja rangi ya kijani ilikuwa bado iko. Upande wa pili ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe hadi shaba ikaonekana, na njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika kabisa.

"Nilikuwa natafuta jina ya mwenye kutengeneza," Ojulong alieleza. "Kama vile simu huwa na jina nyuma."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Amulen angeweza kuyasema. Aliyameza yote, akausogeza ubao kwenye mwanga. Pembeni pake shaba ilizungushwa mara kadhaa kama konokono, na waya mwembamba ukatoka hapo kwenda hewani.

"Sajenti, hiki ni kipokezi. Ubao huu haufanyi kazi peke yake. Unasubiri mtu abonyeze rimoti ndipo upunguze kilo. Mlipompekua Odoi, rimoti mliikuta?"

"Rimoti?" Ojulong alikuna shingo. "Alikuwa na rozari, na simu, na tumbaku."

"Nyumbani kwake? Stoo kwake?"

"Hakuna mutu aliuliza rimoti, Madam."

Siku nne. Mtu amekufa, watatu wako ndani, wa nne anapelekwa mahakamani, na hakuna aliyeuliza nani alikuwa akibonyeza.

"Nani aliifungua mizani?"

"Ebong. Dereva wake, ule wa lori la Kanta. Yeye ndiye alitoa bisibisi mufukoni akafungua. Shahidi wetu mzuri sana huyo, anaongea vizuri."

Amulen alimtazama. "Alikuwa na bisibisi mfukoni."

"Ndiyo. Ni dereva."

*

Allan Odwori alitolewa mahabusu akiwa amenuna. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Amulen alimpa kiti na kumwekea ubao mezani.

Allan aliugeuza mara moja, akaurudisha mezani kama mtu aliyepewa chakula kilicholala.

"Mnaniweka ndani tangu juzi sababu ya huu?"

"Ni wako?"

"Afande, kesi mtanipa tu, lakini kazi hii nakataa." Aligonga ubao kwa kucha. "Tazama herufi. Zimeandikwa kinyume. Huyu mutu alisahau kugeuza mchoro kabla ya kuuchapa. Ikabidi chipu ailehemu miguu juu, kama mende amekufa. Mimi nina miaka kumi na mbili katika kazi hii! Niandike kwamba nimeiba, niandike nimeua, lakini usiandike kwamba hii ni kazi yangu."

"Maneno hayatoshi. Nitengenezee mwingine hapa, nione mkono wako."

"Hapa? Polisi?"

"Chupa moja imebaki. Vifaa vyako vyote viko stoo. Nenda uani."

Ojulong alifungua mdomo kupinga. Amulen alimtuma alete beseni la plastiki, akamrudia mara mbili neno plastiki.

Allan alianza kwa kinyongo, lakini mikono yake haikujua kununa. Alisugua kipande cha ubao wa shaba kwa waya wa kusugulia sufuria hadi kikang'aa kama senti mpya, akakifuta kwa spiriti, kisha akachora njia zake kwa kalamu ya maka, bila rula, bila kusita. Alimimina feriki ndani ya beseni na kuliweka beseni juu ya karai la maji moto. Akauzamisha ubao, akawa analitikisa beseni taratibu, kulia, kushoto. Mwanzo hakukuwa na kilichobadilika. Kisha shaba isiyofunikwa wino ikafifia, ikawa ya waridi, ikaanza kutoweka kutoka kingoni kuelekea katikati, hadi zikabaki njia zilizolindwa na maka peke yake. Aliutoa kwa kibanio cha nguo, akausuuza kwenye ndoo na kufuta wino kwa spiriti. Alitoboa matundu kwa drili ndogo, akapitisha lehemu juu ya njia zote zikawa nyeupe, kisha akapaka dawa yake ya kuzuia kutu, flaksi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ya rangi ya asali.

"Hivi ndivyo namaliza kazi," alisema. "Kila siku. Uliza Tororo nzima."

Amulen aliazima kioo cha kukuzia kutoka chumba cha alama za vidole, akaziweka mbao mbili pamoja. Njia za Allan zilikuwa laini, nene hapa, nyembamba pale, kama mwandiko. Njia za ule ubao wa mizani zilikuwa zimenyooka kama reli, ila zimejaa vishimo vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui.

"Hii haikuchorwa," alisema Amulen. "Ilichapwa kwa printa kwenye karatasi ya kung'aa, ikabandikwa juu ya shaba na kupigwa pasi."

"Ndiyo. Na pasi yenyewe mbaya." Allan alisahau kwamba yuko chini ya ulinzi, akainama karibu. "Unaona hapa, na hapa, na hapa? Vidoa vya mviringo. Wino haukushika, akajazia kwa maka."

Amulen alikuwa ameviona. Vitatu, vimejipanga kama ukucha wa mwezi. Mahali hapo chuma cha pasi hakikugusa karatasi, kwa sababu mahali hapo hapakuwa na chuma.

"Pasi ya mvuke," alisema. "Hayo ni matundu ya mvuke. Wewe una pasi gani?"

"Ya mkaa. Ya marehemu mama yangu."

Amulen alichukua pamba, akailoweka kwenye ile dawa ya kufutia kucha ambayo karani wa kituo huiweka mezani kwake, akaipitisha kwenye pembe ya kijani iliyobaki. Rangi ikatoka, ikaacha juu ya pamba vimetameta vidogo vya fedha.

"Rangi ya kucha," alisema. "Aliimalizia kwa rangi ya kucha."

Allan aliinusa pamba. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo, "Kuna mwanamke wa Busia alinunua feriki kwangu. Kabla ya Pasaka. Kucha zake ndefu hivi, zimechorwa maua. Alisema bwana yake anatengeneza alamu ya gari."

"Na kwa nini hukumwambia Sajenti?"

"Aliniuliza bomu, Afande. Hakuniuliza feriki."

Amulen alijishika paji la uso. Akapiga picha za ubao pande zote, akaandika kwamba njia mbili zilikatwa hapo kituoni na nani alizikata, kisha akamwambia Allan aziunge kwa waya mbele ya mashahidi. Allan aliziunga huku akivuta pumzi kwa hasira kila alipogusa kazi ya yule mwenzake asiyemjua. Kisha Amulen akaenda kwa mkuu wa kituo, akasimama mlangoni kwake mpaka mkuu akachoka, akakubali Allan asiende mahakamani siku hiyo.

"Lakini jioni nataka kitu," mkuu alisema. "Odoi anazikwa leo. Sitaki maneno ya mizani tena wilayani kwangu."

*

Busia, upande wa Uganda, kulikuwa na muuza mizani mmoja aliyetajwa na kila mtu, mzee Okware. Duka lake lilijaa mizani za kuning'iniza na za mezani. Alimpokea Amulen kwa heshima zote, akamwuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na za kazi tena, kabla ya kukubali kuitazama picha ya mizani ya Odoi.

"Hii niliiuza mimi. Ikaondoka hapa na lakiri ya risasi, ile ya kuzuia isifunguliwe." Alivaa miwani. "Hapa naona waya wa kawaida. Lakiri yangu imekatwa. Ndiyo maana alilalamika."

"Nani alilalamika?"

"Mwenyewe, Odoi. Jumatano alikuja. Alisema mzee, mizani yako imeingia wazimu, kuna siku natilia shaka macho yangu. Nikamwambia ilete. Akasema Jumamosi nitaileta."

Amulen aliiweka kalamu chini. "Jumatano. Alipigwa Alhamisi."

"Masikini, ndiyo."

"Mzee wangu, mtu aliyeuawa kwa kuitwa mwizi wa mizani alikuja hapa siku moja kabla, akaomba mizani ikaguliwe. Na wewe hukumwambia mtu?"

Okware alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna mtu aliyekuja kuniuliza, binti yangu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuja na Kanta. Dereva wake alikaa pale mlangoni, akisikiliza. Kijana nadhifu. Shati limepigwa pasi mpaka linakata."

*

Saluni za kuchora kucha, aliambiwa, ziko upande wa Kenya. Ulikuwa hatua chache tu, lakini kwa polisi wa Uganda ulikuwa mbali kama Ulaya. Amulen alimpigia simu mwenzake wa kule kuomba msaada. Mwenzake alimwambia kwa upole kwamba aandike barua, barua iende Kampala, Kampala iandikie Nairobi. Amulen alimshukuru, akakata simu, akaitukana kwa lugha yake ya Ateso ikiwa imeshazimika. Kisha akaiacha bastola na kitambulisho cha polisi kwa Ojulong, aliyekuwa akisubiri garini, akamwamuru asivisafishe, akavuka kama mteja yeyote.

Aliuliza saluni ya kuchora kucha maua. Walimwelekeza kwa Babra, nyuma ya stendi ya bodaboda. Babra alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na kucha zake zilikuwa kama Allan alivyosema.

"Karibu, madam. Unataka rangi gani?"

"Kijani. Yenye vimetameta."

Babra alisonya. "Hiyo imeisha. Na usiniulize imeisha aje, utanikasirisha bure, na hii siku bado ndefu."

"Kwani iliisha vipi?"

Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Babra alikuwa ameibeba hasira hiyo kwa miezi, na alikuwa akitafuta mtu wa kumtua.

"Chupa tatu! Mwanaume mzima anachukua chupa tatu za rangi ya kucha, anapaka vibao vyake, ati ni za alamu. Akija hapa anafunga mlango, anapika madawa. Ona sinki yangu." Alimvuta Amulen kwa mkono. Sinki lilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoingia mpaka ndani ya weupe wake. "Nimesugua na kila kitu. Wateja wanadhani ni uchafu! Halafu pasi. Mimi hupigia watu gomesi zao hapa, magauni ya harusi zote hizi. Siku moja naweka pasi juu ya gomesi ya hariri ya mama wa bwana harusi, inaacha mstari mweusi. Kumbe jamaa alikuwa anapigia makaratasi!"

"Pasi hiyo unayo bado?"

Babra aliitoa chini ya kabati. Ilikuwa pasi ya mvuke, na kwenye chuma chake wino mweusi uliokauka ulikuwa umegandamana kuzunguka matundu. Amulen alitoa picha ya ubao, iliyochapwa kwa ukubwa wake halisi, akaiweka juu ya chuma. Vidoa vitatu vikakaa juu ya matundu matatu kama vifungo kwenye vitanzi vyake.

Alikaa kitini, akasema yeye ni nani.

Babra hakupiga kelele. Aliiweka chupa ya rangi aliyokuwa ameishika. "Ebong amefanya nini?"

Amulen alikuwa hajalitaja jina. Alimweleza habari za Odoi bila kupunguza kitu. Alipomaliza, Babra alikuwa analia huku macho yake bado yana hasira.

"Aliniambia ni alamu ya Kanta. Hata kirimoti anacho, kimefungwa kwenye funguo zake. Na mimi ndiye nilimnunulia dawa Tororo! Sasa mimi pia nitafungwa?"

"Ukivuka na mimi na useme ulichoniambia, utakuwa shahidi. Siwezi kukulazimisha. Wala siwezi kuichukua hiyo pasi hapa."

Babra alijifuta uso kwa taulo la wateja. "Nitaibeba mwenyewe."

Pale mpakani, afisa wa ushuru aliisimamisha safari kuuliza kama pasi ni mpya au imetumika, na kama ni ya biashara. Babra alimgeuzia chuma cheusi usoni. "Unaweza kuuza hii wewe?" Afisa alizunguka meza, akataka kujua ilinunuliwa wapi. Amulen, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajapandisha sauti, aliipandisha hapo.

*

Walifika Mulanda jua likiwa bado kali. Mbele ya stoo iliyokuwa ya Odoi wakulima walikuwa wamejipanga na magunia yao, na aliyekuwa akinunua alikuwa Ebong. Alikuwa ametundika mizani ya zamani ya mshale kwenye mhimili, na alikuwa akimwonyesha kila mtu mshale kabla ya kushusha gunia. Shati lake lilikuwa jeupe, mikono imenyooshwa mpaka inakata.

"Madam Inspekta!" aliita. "Karibu uone mizani ya haki. Hapa hakuna umeme, hakuna uchawi."

Watu walicheka. Nyuma ya stoo, ng'ambo ya migomba, ndipo palikuwa nyumbani kwa Odoi. Amulen alipita huko kwanza. Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Apio, mjane, alikuwa ameketi chini na wanawake wawili tu, na mahali pa kaburi palikuwa pamewekwa vijiti vinne na kamba. Udongo haukuwa umeguswa.

"Watu wa kuchimba wako wapi, mama?" Amulen aliuliza.

"Wamekataa," Apio alisema. "Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wanasema mwizi wa chakula hawezi kuchimbiwa na wale ameibia. Odoi alikuwa analia juu ya ile mizani, Afande. Alikuwa nasema, mama, sijui nini nakosa."

Amulen alirudi mbele ya stoo. Alimwambia Ojulong asimame nyuma ya Ebong. Ojulong alisimama mbele yake. Alimwonyesha tena kwa kidole, na safari hii akaenda mahali pake.

Kisha akaishusha garini mizani ya dijitali ya Odoi, waliyopitia kuichukua kituoni, akaiweka kwenye baraza na kuiwasha. Ubao ulikuwa umerudishwa mahali pake. Akaomba gunia moja lililokwisha kupimwa na mshale. Kelele zikapungua. Watu walikuwa hawajaiona mizani hiyo tangu Alhamisi.

"Mama, wewe unaona vizuri?" alimwuliza mwanamke aliyekuwa mbele. "Tusomee."

"Tisini na moja."

"Ebong, nipe funguo za Kanta."

"Za nini, Madam?"

"Nataka kuikagua."

Ebong alisita kidogo tu, akazitoa. Kwenye pete yake kulikuwa na kidude cheusi chenye vitufe viwili.

"Hii ni ya nini?"

"Alamu."

"Basi tusikie." Amulen alikielekeza kwenye Kanta iliyoegeshwa kando ya barabara, akabonyeza. Kanta haikulia. Alibonyeza tena.

"Themanini na nne," yule mwanamke alisema. Akainama karibu na namba, akageuka kuwatazama wenzake. "Imeshuka! Gunia halijaguswa, imeshuka!"

Amulen alibonyeza kitufe cha pili. Tisini na moja. Cha kwanza. Themanini na nne. Aliacha wajionee. Babra alishuka garini akiwa na pasi mkononi, na Ebong alipomwona, akarudi nyuma hatua moja.

"Odoi alijua," alisema haraka. "Mimi nilikuwa natumwa tu. Yeye ndiye alikuwa tajiri."

"Kama alijua, kwa nini Jumatano alikwenda kwa Okware kuomba mizani ikaguliwe? Wewe ulikuwa mlangoni unasikiliza. Jumamosi ingefunguliwa na fundi, ubao ungeonekana, na Odoi angeuliza nani amekata lakiri. Ukaifungua wewe kwanza, mbele ya watu wenye hasira. Odoi alilipa kwa kilo alizoziona. Zilizozidi ulikuwa unazichota njiani, gunia kwa gunia, na kuziuza Busia."

Ebong aliruka kwenda upande wa migomba. Ojulong, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alikuwa mahali alipotakiwa, akamdaka ukosi, na shati lile jeupe likapasuka mpaka mgongoni.

Hapo umati ulisogea. Amulen alisikia sauti ile ya chini inayotangulia jambo baya, akaona mawe yakiokotwa. Alipanda juu ya magunia, akajiweka kati yao na Ebong.

"Simameni! Watatu walio ndani hawawatoshi? Mnataka wawe ishirini? Alhamisi mlionyeshwa ubao, mkaua mtu bila kuuliza nani anabonyeza. Leo mmeonyeshwa rimoti, mnaokota mawe tena! Huyu anakwenda mahakamani akiwa na meno yake yote. Atakayemgusa nitamfunga pamoja naye, na nitaandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe. Wekeni chini. Wekeni chini!"

Sauti ilimkatika mwishoni. Huenda walimwogopa, huenda walijiona. Jiwe la kwanza lilianguka, kisha mengine. Ojulong alimfunga Ebong pingu na kumwingiza garini, na hakuna aliyesogea.

Kisha mzee Owori, ambaye mwanawe mkubwa alikuwa mmoja wa wale watatu, alivua koti lake, akachukua jembe lililoegemezwa kwenye ukuta wa stoo, akaelekea kwenye migomba. Wanaume wengine walimfuata, mmoja mmoja, wakitafuta majembe na sepetu.

Amulen aliwafuata. Apio alikuwa ameinuka. Alikuwa amesikia yote, maana migomba haizuii sauti. Alisimama kando ya vile vijiti vinne, na mzee Owori alipoinua jembe, Apio alilishika mpini.

"Liache, mzee."

"Mama, tulikosea. Acha tumchimbie."

"Jana nilikuja kwako. Ulisema mgongo unauma." Alimtazama aliyefuata. "Wewe ulisema mtoto wako anaumwa. Wewe hukufungua hata mlango."

Apio alilitoa jembe mikononi mwa mzee polepole, bila kunyang'anya, akalilaza majanini.

"Ndugu zangu wanatoka Kisoko. Wako njiani na majembe yao. Wao ndio watamchimbia bwana yangu."

"Na sisi tufanye nini?" mzee Owori aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Apio alifikiri. Alionekana amechoka kuliko watu wote waliokuwa pale.

"Kaeni," alisema. "Kaeni hapa mutazame."

Wakaketi kwenye nyasi, wanaume wa Mulanda wote, juani, mikono mitupu juu ya magoti, mpaka watu wa Kisoko walipofika na kuanza kuchimba.